Magwangala ya makaa ya mawe yanaweza kuwa udongo, ila salfa ipimwe kwanza

Wenye vitalu vya miche Moshi na Arusha wanajua udongo ni gharama. Wa msituni hauchotwi ovyo, samadi inagombewa, na kiriba kikijazwa mchanga mtupu mche hunyauka kabla haujapata mnunuzi. Ndiyo maana habari kwamba nchi za baridi zinapanda nyasi na miti juu ya magwangala, yaani mabaki ya migodi ya makaa ya mawe, huzua ubishi. Wengine wanasema hiyo ni sumu iliyopakwa rangi ya kijani, wengine wanauliza tutayapata wapi na sisi.

Wanaosema sumu wana hoja. Mwamba mweusi unaotolewa pamoja na makaa unaweza kubeba metali za sumu kama aseniki, kadimi na risasi. Una pia pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakipata hewa na maji huzaa asidi ya salfa. Huko Svalbard, visiwa vya Norwei, theluji ikiyeyuka asidi na metali hutiririka kwa mkupuo mmoja na kuua mimea iliyo chini ya malundo. Baridi haisaidii sana, kwani pairaiti hutoa joto lake yenyewe.

Tatizo ni kwamba wanayapima mabaki hayo kwa udongo mzuri wa shamba la Kibosho, Kilimanjaro, wakati swali halisi ni lundo likiachwa lilivyo litafanya nini. China, kila tani 100 za makaa huacha takriban tani 10 hadi 15 za mabaki. Lundo tupu hupeperusha vumbi, huwaka moto ndani kwa ndani, na huporomoka: Aberfan, Wales, Oktoba 1966, liliua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Dawa iliyozoeleka ni kulifunika kwa udongo wa juu, lakini udongo huo nao unachimbwa mahali, na katika nchi za baridi sentimita chache tu hujengeka kwa mamia ya miaka. Ni kuchuna ngozi ya mguu mzima ili kuponya ulio na kidonda. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu migodi ya makaa inaruhusu kifusi kilichochaguliwa kitumike badala ya udongo wa juu, mradi kithibitike kuwa kinaotesha mimea sawa na udongo huo au zaidi.

Tena baridi yenyewe ni kinu cha bure. Maji yakiganda ndani ya ufa hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mwamba huu laini hupasuka msimu kwa msimu hadi kupata chembe za chini ya milimita 2, ambazo ndizo hushika maji na mbolea. Weusi wake nao hunyonya jua, jambo jema pale ambapo majira ya kuota ni wiki chache tu.

Hapa ndipo kwenye mtego, na ndipo kazi nyingi huharibikia. Kipande kinachopasuka hufunua pairaiti mpya. Leo unapima pH (kipimo cha asidi, kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) unapata 6.5, unapanda, nyasi zinashika. Baada ya misimu michache pH iko 3 na kila kitu kimekauka. Kwa hiyo chokaa ya kuzima asidi haipigiwi hesabu kwa pH ya leo, bali kwa salfa yote ya pairaiti iliyomo. Asilimia 1 ya salfa hiyo hudai kilo 31.25 za chokaa safi (kalsiamu kabonati) kwa kila tani ya mabaki. Kwa kiwango hicho, lori la tani 10 linataka zaidi ya mifuko sita ya kilo 50. Hekta moja, kina cha sentimita 30, ni kama tani 4,500, yaani tani 140 za chokaa. Aliyezoea kumwaga tani mbili au tatu shambani ataona ni wazimu, lakini kemia haina punguzo. Mabaki yenye salfa nyingi kiasi hicho ni afadhali yafukiwe chini, na yaliyo na salfa kidogo yawekwe juu.

Ripoti ya maabara nayo isomwe kwa jicho kali. Kipimo cha mboji cha kuchoma sampuli huchoma na makaa pia, kisha kinakuonyesha utajiri wa mboji usiokuwepo. Mmea hauli kaboni ya makaa. Majani yatageuka manjano kwa kukosa naitrojeni, hivyo samadi na mikunde ni lazima. Katika baridi kali kuna la ziada: barafu huusukuma mche juu na kuacha mizizi nje. Tandaza matandazo, upande mara barafu inapoyeyuka, si mwanzo wa kipupwe. Na tingatinga lisipitepite juu ya tabaka la mwisho, maana likishindiliwa mizizi haipenyi.

Kuhusu kuyaleta kwetu, hapana. Mgodi wa makaa wa Ngaka uko Mbinga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Moshi, na nauli peke yake inanunua pumisi (jiwe jepesi la volkano) na mboji ya kutosha. (Lile vumbi jeusi la Mererani, kwenye migodi ya tanzanaiti, ni grafaiti, lisichanganywe na haya.) Panapofaa ni palepale lundo lilipo, Mbinga au kwenye mgodi wa makaa wa Kiwira, kwa nyasi za kushika mteremko na miti ya nguzo. Mboga na mahindi visipandwe hapo, na nyasi zisikatiwe ng'ombe kabla metali hazijapimwa kwenye majani yenyewe.