Ukishuka Soni, Usitie Frii

Alhamisi iliyopita nilikuwa Lushoto kwenye arobaini ya shangazi yangu. Wakati wa kurudi Kosta zilikuwa zimejaa, nikachukua bodaboda hadi Mombo ili niwahi gari la Tanga. Kijana mwenyewe mpole. Kofia ngumu alinipa kabla sijaomba, akaniuliza kama nimekaa vizuri, akaondoka taratibu. Tulipoipita Soni, pale barabara inapoanza kujikunja na korongo liko upande mmoja, nikasikia injini imekatika. Nikadhani pikipiki imeharibika. Kumbe ameizima mwenyewe: ametia frii, yaani ametoa gia, amezungusha ufunguo, na sasa tunateremka kimya, upepo masikioni na breki zinalia kila kona.

"Baba, washa injini," nikamwambia.

Akanijibu kwa adabu kabisa. "Usijali mama. Kuanzia hapa ni mteremko mtupu, mafuta ya nini?"

Tangu siku hiyo jibu hilo halijanitoka kichwani, na ndiyo maana naandika. Harufu ya breki ilianza kabla hatujafika nusu ya njia, ile harufu ya kuungua inayokaa kooni. Nilimgonga begani nikamwambia asimame. Alikanyaga, na pikipiki ikaendelea kwenda. Akakanyaga tena, akakamata na ya mkono, ndipo ikasimama, na tulikuwa tumeshapita mahali alipokusudia. Nilishuka miguu inatetemeka.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Nina pikipiki mbili Tanga mjini, vijana wanaziendesha kwa mkataba, na shuu za breki, vile vipande vya kusugua vinavyokaa ndani ya gurudumu, zinaponunuliwa najua. Kwa hiyo nasema kama mmiliki, kama abiria, na kama mtu mwenye ndugu wanaopanda na kushuka Usambara kila wiki.

Lushoto iko juu ya Mombo kwa karibu mita 1,000, na barabara yake ni ya kilomita 30 na kitu. Mwendo wote unaotaka kuzidi kwenye mteremko huo lazima uzuiwe na kitu, na ukitia frii umebakiza breki peke yake. Breki haina uchawi: inasugua, inageuza mwendo kuwa joto. Kwenye pikipiki zetu nyingi gurudumu la nyuma lina dramu, na dramu ni chungu chenye mfuniko, joto likiingia halitoki upesi. Shuu ikipata moto kupita kiasi inapoteza mshiko. Dramu nayo inatanuka, inajitenga na shuu, pedali inazama zaidi na kinachotoka ni kidogo. Ndicho kilichotokea pale kijana alipokanyaga mara mbili.

Wenye breki za diski mbele wasijione wamepona. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka mapema. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, yakilowa ni 155. Yakichemka yanafanya mapovu, na povu linabonyea. Unavuta mkono wa breki unagusa hendeli, na pikipiki haina habari. Waulize vijana wa kijiweni kwako mara ya mwisho walibadilisha lini mafuta ya breki. Wengi watakuambia hayajaisha.

Sasa injini. Ukiachia mafuta huku gia imeingia na klachi umeiachia, gurudumu la nyuma ndilo linaloizungusha injini. Pistoni inavuta hewa kupitia njia iliyobanwa, vyuma vinasuguana ndani ya oili, na nguvu ya kufanya kazi hiyo yote inatoka kwenye mwendo wako. Pikipiki inajizuia yenyewe, na joto linamalizwa na mapezi ya injini na oili, vitu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Breki zako zinabaki za baridi kwa ajili ya kona na mbuzi anayekatiza. Madereva wa malori wa zamani walikuwa na kipimo chao ambacho sijaona kikishindwa: gia uliyopandia ndiyo ushukie. Kama Soni uliipanda kwa gia ya pili, shuka nayo. Ingiza kabla ya mteremko, si katikati ukiwa umeshakimbia, na punguza gia moja moja ukiachia klachi polepole, kwa sababu ukiiachia ghafla kwenye lami iliyolowa, tairi la nyuma linakwama na kuteleza.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba shuu ni rahisi kuliko injini, bora nile shuu. Sawa, shuu ni rahisi. Ila injini haiharibiki kwa kuzuia mwendo usipoizungusha kupita kiwango chake. Kinachoiharibu ni kuangusha gia mbili kwa mpigo ukiwa mbioni, na oili ambayo haijabadilishwa tangu mvua zilizopita.

La mafuta nalikubali, kwa shingo upande. Pikipiki zenye kabureta zinaendelea kunywa kidogo hata ukiwa umeachia, kwa hiyo aliyezima anaokoa kiasi. Kiasi gani? Kidogo tu. Na kwa kuzungusha ufunguo amezima pia honi, taa ya mbele na taa ya breki, kwenye barabara ambayo ukungu wa Lushoto ukishuka huoni kona inayofuata.

Mtu atasema hayo ni ya milimani, Tanga mjini ni tambarare. Njoo basi Ngamiani, kwenye barabara zetu za namba. Kijana anatoka Barabara ya 9 kwa mafuta yote, anafika ya 10 anakamata klachi na kukanyaga, anafyatuka tena, ya 11 hivyo hivyo. Klachi ikikamatwa, injini imejitenga, shuu zinabeba kila kitu. Angeachia mafuta nyumba mbili kabla ya njia panda, klachi ameiacha, pikipiki ingefika imeshapungua. Aguse tu breki kidogo ili taa iwaonye wa nyuma, maana injini haiwashi taa.

Mwezi wa tatu nilisimama kwa fundi wakati gurudumu la pikipiki yangu moja linafunguliwa. Nati ya kukazia breki ilikuwa imefika mwisho wa uzi wake, haina pa kukaza tena. Fundi akatoa shuu, uso wake umeng'aa kama kioo, na unene uliobaki haukuzidi ule wa kucha yangu. Kati ya shuu na kile chuma kinachozitanua kulikuwa na kipande cha bati. Mtu alikipachika ili shuu zilizokwisha ziendelee kugusa dramu. Nilimuuliza kijana wangu nani kaweka. Alinyamaza, halafu akasema, "Mama, wiki ile hesabu ilikuwa ngumu."

Hesabu ninayoipokea mimi. Shilingi 8,000 kila siku, mvua au jua, na shuu tulikubaliana ni juu yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba bati lile nililiweka mimi. Kijana wa Soni naye ana mwenye pikipiki wake mahali fulani, anayesubiri pesa jioni, na yale mafuta kidogo anayoyaokoa kwa kuzima injini ndiyo chai yake. Simtetei, alitaka kutuua wote wawili. Lakini wenye pikipiki wenzangu, tusijifanye hatumo.

Siku hizi shuu, pedi na mafuta ya breki nanunua mimi, na nati ile naiangalia mwenyewe kila Jumapili. Vijana wote wawili niliwapeleka Lushoto mmoja mmoja, nikakaa nyuma, tukashuka hadi Mombo kwa gia ya pili. Wa kwanza alilalamika njia nzima kwamba injini inapiga kelele. Tulipofika Mombo nilimwambia aweke kiganja kwenye dramu ya nyuma. Akakiweka, akakiacha hapo.