Punguzeni sauti, watu tunaongea

Mimi na mume wangu tumetoka Dodoma, na jioni ya Dar tuliitaka iwe yetu: Coco Beach, upepo wa bahari, mihogo ya kukaanga na kachumbari, maongezi. Mihogo mitamu, sikatai. Maongezi hayakuwepo. Spika imewekwa karibu kabisa na meza, ya jirani inapiga wimbo mwingine juu yake, soda inatetemeka kwenye glasi. Kuomba ndimu tu, mpaka nimpigie mume wangu kelele sikioni! Tukaomba wapunguze. "Sawa dada," kijana akaitikia vizuri tu, akapunguza; kidogo tu, sauti ikarudi palepale. Jamani, muziki tunaupenda. Lakini Dodoma hatuna mawimbi, na hapa tumekaa pembeni ya Bahari ya Hindi bila kuyasikia.