Mkulima wa Serikali ni Mlamu Wangu

Haya, niulizeni mkulima wa pale Kakuyuni, huku Malindi, ni nani. Si mimi. Mimi nina ekari moja na nusu, majembe mawili, mgongo mbovu na suruali iliyobaki mifuko tu. Lakini kwenye mfumo wa serikali mkulima ni mlamu wangu, mvuvi wa Mayungu, mtu ambaye mchicha anaujua ukishafika sahanini.

Ilikuwaje? Chifu alipotuita tujiandikishe kwa mbolea ya ruzuku ya serikali, laini yangu ya simu ilikuwa na jina la mlamu. Siku niliyoinunua, kitambulisho changu kilikuwa kimefuliwa pamoja na shati. Kijana wa kompyuta akasema, "Mzee, laini na kitambulisho sharti vioane." Nikampa nambari ya kitambulisho cha mlamu. Nikajiambia karatasi ni karatasi, mahindi hayajui kusoma.

Mbolea ya ruzuku kwa bei sina ugomvi nayo: mfuko wa kilo 50 shilingi 2,500, na mwaka 2022 dukani ulipita elfu sita. Taabu ni tarehe. Masika yalipoanza nikapanda PH4 yangu, mbegu ya watafiti wa Mtwapa, iliyotengenezwa kwa joto letu hili (hao kazi yao waijua, tusidhulumiane). DAP ni mbolea ya kupandia, yaingia shimoni kabla ya mbegu. Nikangoja ujumbe. Mahindi hayakungoja. Yamenifika magotini ndipo simu ikalia: mbolea ya kupandia iko tayari.

Mahindi ya magotini yataka CAN, ya kukuzia. Pale ghalani nikajibiwa, "CAN imeisha, mzee, chukua DAP." Sasa niyang'oe niyapande tena?

Na hiyo DAP yenyewe nikanyimwa. "Mwenye jina aje!" Bahati upepo wa kusi ulikuwa umechachamaa, mlamu yuko nchi kavu anashona nyavu. Nikamlipia bodaboda, nikamnunulia mahamri, mbaazi akaongeza mara mbili. Alivyotia sahihi kwa madaha, ungedhani ana shamba Kitale.

Nikaenda kulalamika. Bwana mmoja, amekaa chini ya feni, akanitazama kwa huruma: "Mbolea ni ya Nairobi, mzee. Sisi kaunti ni bwana shamba. Kilimo kiligatuliwa, hujasoma katiba ya 2010?" Kwa hiyo mbolea ya Nairobi, bwana shamba wa kaunti, mvua ya Mungu. Aliyefika kwa wakati mwamjua.

Bwana shamba naye juzi kaja, kwa haki. Kampigia simu mkulima. Mlamu kaenda mafunzo siku mbili, karudi na kofia, fulana na pilau tumboni. Mimi siku hizo nilikuwa nafukuza nyani.

Jana asubuhi namkuta kwenye mpaka wa shamba langu, kofia kichwani, amenyoosha mshipi wake wa kuvulia baina ya mistari. Anatikisa kichwa.

"Mlamu, ni sentimita 75 kwa 30. Hapa umepanda dagaa."