Nyota za Udongo na Daftari la Jioni

Nilizaliwa wiki ya pili ya Januari, kwa hiyo kwa hesabu za magazetini mimi ni Mbuzi, nyota ya udongo pamoja na Ng'ombe na Mashuke. Siichukulii elimu ya nyota kuwa sayansi, na ninafahamu kwamba kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole karne hadi karne, jua la mwanzoni mwa Mei, ambalo magazeti hulihesabu kwa Ng'ombe, angani bado liko kwenye kundi la Punda. Hata hivyo ninaishi Dar es Salaam, mji ambao utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, ulikuwa gumzo la kila baraza, na ninakiri kwamba wasifu wa watu wa udongo, watu wa vitendo wasioamini wasichoweza kukishika, unanienea kama shati la fundi wangu.

Ndiyo maana ninaona kuwa ushauri mwingi wa kujitafakari haukutungwa kwa ajili yetu. Tunaambiwa tukae kimya, tufumbe macho, tufuatilie pumzi. Nilijaribu alfajiri moja uani kwetu Mbagala. Kabla ya dakika tano kwisha nilikuwa nimesikia koki inavuja, na muda si mrefu nilikuwa nimechuchumaa na spana mkononi.

Kilichonifaa ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami ninaamini nafsi nayo ni mali. Ninauza vitasa, misumari na rangi Kariakoo, na kila jioni nikishafunga hesabu, kabla ya kushusha geti, ninaigeuza ile kaunta buku upande wa nyuma na kuandika mistari mitatu: nilichokifanya, nilichokiahidi nisikifanye, na ninayedaiwa naye neno. Huo wa tatu ndio wenye uzito, kwa sababu shukrani, samahani na jibu lililocheleweshwa ni madeni kama madeni mengine. Nikiandika kwamba nina huzuni ninajiona ninaigiza. Nikiandika kwamba nilimfokea kijana wa dukani mbele ya mteja kwa ajili ya kufuli la shilingi 8,000, ninaona jambo lililotokea, lenye saa yake na shahidi wake, na kesho yake ninajua pa kuanzia.

Mwisho wa mwezi ninahesabu. Mwezi mmoja jina la kaka yangu lilijitokeza mara 9 kwenye mstari wa tatu, kila mara likiwa na maneno yale yale, kwamba sijampigia. Angekuwa ananidai fedha za mzigo, ningekuwa nimeshamlipa kabla jina halijaandikwa mara ya pili.

Siwezi kudai kwamba dawa hii inamfaa kila mtu wa udongo. Mke wangu ni Mashuke, nyota ambayo wanafalaki huiweka chini ya Utaridi, sayari ya uchambuzi, na nilipomshawishi naye aandike, ndani ya wiki mbili daftari lake lilikuwa hati ya mashtaka, hata wali ulioshika chini ya sufuria ukiwamo. Kosa lilikuwa langu, kwani hakuna mhasibu anayeandika matumizi peke yake. Sasa anaanza na mapato: aliyemsaidia, alichokimaliza, kilichomchekesha. Ng'ombe, wanaotawaliwa na Zuhura, nadhani hawahitaji kalamu kabisa. Wape kitalu cha mchicha au unga wa kukanda, watayafikiri mambo yao huku mikono ikiwa kazini.

Niongeze jambo moja kwa wanaopenda kubisha. Kwa falaki ya Pwani, tarehe ya kuzaliwa haina kazi kubwa; mganga hujumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako, akagawanya kwa 12, na baki ndiyo nyota yako. Mzee mmoja wa mtaani alinifanyia hesabu hiyo nikatoka Samaki, nyota ya maji. Mke wangu alicheka sana, akasema ndiyo sababu mstari wangu wa tatu haukauki.

Jana jioni nimeandika hivi: "Kaka, nimempigia, hakupokea. Nirudie Jumapili baada ya chakula cha mchana, akiwa nyumbani."