Ripota wa Lamu naye apewe bima

Mimi kwetu ni Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi yangu ni katika chumba cha habari cha televisheni hapa London. Niseme wazi: ripota wa nyumbani anafanya kazi nzito kuliko wengi ninaokaa nao huku, na analipwa kama kibarua.

Huku ripota hatumwi penye hatari kabla ya kufunzwa usalama na huduma ya kwanza. Ana bima, ana mpiga picha wake, na kuna mtu ofisini wa kumpigia simu kujua kama yu salama. Mshahara unaingia, habari irushwe isirushwe.

Sasa mtazame mwenzake wa Lamu. Wengi wao hata kamera ni yao wenyewe. Anavuka kwa boti hadi Mokowe, anashika barabara ya Garsen ambako magari yameshambuliwa si mara moja, anapiga picha, anahoji, anahariri kwenye laptopu, kisha anahangaika kutafuta mtandao wa kutuma. Mhariri Nairobi akiamua siasa za siku hiyo zina uzito zaidi, habari imekufa. Na isiporushwa, hakuna malipo. Nauli imekwenda, bando limekwenda.

Mwaka 2023 yalipofukuliwa makaburi ya msitu wa Shakahola, walikozikwa waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, vituo vya dunia nzima vilimiminika Malindi. Nao walifanya kazi nzuri, sikatai. Lakini miili ilipita 400, na ya kwanza kukabidhiwa jamaa zake ilitoka Machi 2024, baada ya kusubiri sana majibu ya DNA. Muda huo wote wageni walikuwa wameshafunga mikoba. Waliokuwa wakisimama na familia nje ya mochari, wakiwauliza mama zetu maswali kwa adabu, ni maripota wa Malindi. Kesho yake watakutana na mama hao hao sokoni, kwa hiyo hawawezi kuandika ovyo. Uangalifu huo sisi wa huku hatuna.

Wakuu wa vituo vya Nairobi, habari za Pwani mnazitaka na mnazirusha. Anzeni na mambo mawili: bima kwa kila anayepita barabara ya Garsen kwa ajili yenu, na nauli yake arudishiwe hata kama habari haikufika hewani.