Wauguzi walibaki kazini, lakini walibakije?

Jirani yangu hapa Pasua, Moshi, ni muuguzi. Mwaka 2020, corona ilipoingia, akirudi zamu ya usiku alikuwa anavulia viatu nje ya geti, ananawa kwenye ndoo ya maji ya jiki, kisha anazungukia mlango wa nyuma wanawe wasije wakamrukia. Sare zake zilikuwa na kamba yake ya kuanikia. Mpaka leo ni muuguzi, na ubishi wa kama janga liliwaumiza wauguzi wetu unaanzia hapo.

Wapo wanaosema hadithi ya janga kuwakimbiza wauguzi ni ya wenzetu. Uingereza waligoma Desemba 2022, wakilalamikia mishahara na uchache wao wodini. Huku kwetu nani aliona foleni ya barua za kuacha kazi? Hoja hiyo nakubaliana nayo nusu. Ukipita soko la Memorial huwezi kushangaa kumkuta binti mwenye diploma ya uuguzi akipanga mitumba, anasubiri ajira zitangazwe. Mwenye mkopo wa benki na ada za watoto, akiliona hilo, atauachia wapi mshahara? Mwaka huohuo wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9. Wenye vyeti wako sokoni. Kwa hiyo kubaki kwao kunatueleza zaidi habari za ajira kuliko habari za afya yao.

Upande wa pili unasema walichoka, na wanachoka wote duniani. Sawa, ila uchovu wa huku ulikuwa na namna yake. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, na alikuwa hapo Arusha, ametua uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji. Haukupita muda, takwimu za taifa zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Wodini watu waliendelea kuletwa; jina likawa "changamoto ya upumuaji". Muuguzi anabadilisha mtungi wa oksijeni saa tisa usiku, asubuhi anapanda hais na kusikia abiria wakicheka kwamba corona ilishaisha. Jirani aliniambia kilichomuuma siyo zamu ndefu. Ni kukosa pa kuisimulia.

Kuhusu dawa ya uchovu huo, baadhi wanataka washauri nasaha kila hospitali. Wengine wanasema fedha ziende kwenye vifaa. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) uliozaa mpango wa shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021 ulijenga madarasa, ukagusa maji na afya, hewa ya oksijeni ikiwemo. Silidharau hilo, maana mtungi mtupu humvunja muuguzi kuliko maneno makali ya daktari. Nasaha nazo ni nzuri, lakini aliye peke yake na wagonjwa thelathini ataziendea saa ngapi? Mimi ningeanza na yule binti wa Memorial, aongezwe kwenye zamu.

Jirani hakuacha kazi. Aliomba kuhamishwa wodi, akapelekwa kliniki ya watoto. Anawaning'iniza kwenye mizani, anajaza kadi, saa tisa alasiri yuko nyumbani. Aliyeijua mitungi kwa kuisikiliza tu sasa anasoma kilo. Kwenye orodha ya watumishi jina lake lipo palepale.