Tennessee State: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Machi 2024, bunge la jimbo la Tennessee nchini Marekani lilivunja bodi nzima ya Chuo Kikuu cha Tennessee State, na Gavana Bill Lee akateua wajumbe wapya. Waliounga mkono hatua hiyo walikuwa na hoja. Chuo kilidahili wanafunzi wengi kuliko vitanda vyake, wengine wakalazwa hotelini. Ufadhili wa masomo ukapanda kupita uwezo wa mfuko. Wakaguzi wakakuta kasoro katika vitabu vya hesabu. Tena mwaka 2022 jimbo lilikuwa limekitengea dola milioni 250 za majengo.

Yote hayo ni kweli. Sasa tuhesabu na upande wa pili.

Chuo hiki cha Nashville kilifunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya vijana Weusi waliofungiwa milango ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Kaulimbiu yake ni Fikiri, Fanya Kazi, Tumikia. Kupokea mtoto ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo ni kazi ghali: anahitaji ufadhili, mshauri, na mwalimu wa kumfuatilia. Jimbo lililokikabidhi kazi hiyo lilikilipa vipi?

Septemba 2023 mawaziri wawili wa serikali ya Marekani, wa elimu na wa kilimo, walimwandikia gavana kwamba kama tangu 1987 hadi 2020 chuo hiki kingepewa kwa kila mwanafunzi sawa na Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Knoxville, kingepata dola bilioni 2.1 zaidi. Wakosoaji wanasema hayo ni makadirio, si hukumu ya mahakama. Haya, tuyaweke kando. Kamati ya bunge hilohilo la Tennessee ilikuwa imekwisha kukuta, mwaka 2021, kwamba kwa miongo mingi jimbo halikukipa chuo mchango kamili lililopaswa kuuweka juu ya fedha za serikali kuu, na deni lilikadiriwa kati ya dola milioni 150 na 544. Ukishika kile kiwango cha juu, milioni 250 hazifiki hata nusu, na hapo riba hatujaigusa. Huo ndio msaada tunaoambiwa chuo kimeshindwa kuushukuru. Mdaiwa akilipa sehemu ya deni, tangu lini tukamwita mfadhili?

Kuna wanaokwenda mbali zaidi: ubaguzi wa kisheria umekwisha, chuo cha Weusi cha nini tena? Historia ya chuo hiki inajibu vizuri. Mwaka 1968 mwalimu wake kijana, Rita Sanders, alifungua kesi kupinga Chuo Kikuu cha Tennessee kupanua tawi lake mjini humohumo, maana mji ungebaki na vyuo viwili vya umma, kimoja cha Weupe na kingine cha Weusi. Mahakama ikaamuru tawi lile liunganishwe na Tennessee State, na mwaka 1979 likamezwa. Aliyekuwa akipigania kuchanganyika alitoka katika chuo cha Weusi. Jimbo lilikuwa upande wa kushtakiwa.

Udhaifu wa uongozi ulikuwepo, na bodi ilistahili kuulizwa. Lakini mwaka 2025 jimbo na chuo walikubaliana kwamba dola milioni 96 kutoka katika zile 250 zihamishiwe kwenye gharama za uendeshaji. Majengo, ambayo fedha hizo zilitengewa, yatashughulikiwa kwa fungu lililopungua kwa kiasi hicho.